Mshahara wa dada wa kulea mapacha Dar es Salaam: anayelala ndani au anayekuja na kurudi?

MamaPacha, Kimara (9 Machi 2024)

Habari za mwisho wa wiki, ndugu zangu. Kwa wakubwa, shikamooni. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo kila ninayemwuliza hunipa jibu lake, na majibu hayo yameachana mno hata nimeshindwa kujua nishike lipi.

Nilijifungua mapacha mwezi Desemba, na likizo yangu ya uzazi ya siku 100 inakaribia kwisha. Ofisi yangu iko Posta. Ili nipate nafasi kwenye mabasi ya mwendokasi na kufika kwa wakati, hulazimika kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jioni nikitoka kazini saa kumi na moja na nusu sifiki Kimara kabla ya saa moja usiku. Jumamosi hufanya kazi nusu siku. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Ubungo, ambalo hulifungua saa mbili asubuhi na kulifunga usiku.

Nimepata watu wawili. Wa kwanza ni mama wa miaka thelathini na kitu anayeishi Tabata, mwenye mtoto wake anayesoma shule ya msingi, ambaye amewahi kulea watoto wachanga katika nyumba mbili na ameletwa kwangu na mtu ninayemwamini. Yeye hataki kulala kwa watu. Anataka kuja na kurudi, na ameomba shilingi 200,000 kwa mwezi, nauli ikiwa humo humo. Anapanda magari mawili kuja na mawili kurudi, kila moja shilingi 600. Wa pili ni binti wa miaka kumi na tisa kutoka Iringa, ambaye dalali ameniambia atalala ndani kwa shilingi 80,000, lakini dalali mwenyewe anataka 50,000 yake pamoja na nauli ya basi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, kwa hiyo binti huyo atalala na watoto.

Mama mkwe anasema 200,000 ni fedha ya mwalimu wa chekechea na kwamba niache kudekeza watu. Ningependa kujua ninyi mnafikaje kwenye kiasi mnacholipa, na kama kufua, kupika na kudeki kunaingia katika mshahara huo huo au ni kazi nyingine.

Jirani_wa_Goba

Hongera, Mwenyezi Mungu awakuze watoto. Mimi nina watoto watatu na sijawahi kukaa bila dada tangu wa kwanza azaliwe, kwa hiyo nitasema ninachokijua bila kukizungusha. Katika mtaa wetu wengi wanaolala ndani hulipwa kati ya 70,000 na 100,000, na wanaofikia 120,000 ni wale waliokaa muda mrefu au wanaopika vyakula vya wageni. Watu husahau kwamba anayelala kwako anakula kwako, anatumia maji, umeme na sabuni yako, akiugua unampeleka zahanati, na sikukuu ikifika unamshonea nguo kama unavyowashonea wanao. Ukiyajumlisha hayo yote, hiyo 80,000 si 80,000.

Anayekuja na kurudi mimi simwamini kwa jambo moja tu, nalo ni mvua. Masika yanaanza sasa; barabara ikijaa maji, yeye yuko Tabata, wewe uko Kimara na watoto wawili mkononi, na bosi wako anakusubiri Posta. Halafu, naomba nisieleweke vibaya, ukianza na 200,000 unatuharibia sote, maana madada huzungumza wanapoanika nguo, na wiki ijayo wangu ataniuliza kwa nini yeye si mtu. Kuhusu kufua na kupika, mtoto akilala dada afanye nini kingine? Yote ni kazi ya nyumba.

Karani_wa_Kazi

Dada MamaPacha, kabla ya shilingi tuzungumzie saa, kwa sababu hapo ndipo hesabu yako ilipo. Tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja usiku ni saa 13 na nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inamhusu dada wa nyumbani kama inavyomhusu mtu wa benki, imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata kwa makubaliano ya saa za ziada hairuhusu mtu afanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, wala zaidi ya saa 50 za ziada katika kipindi cha wiki nne. Kwa ratiba uliyoieleza hakuna mshahara, hata uwe mkubwa namna gani, unaoweza kuifanya iwe ya mtu mmoja. Inabidi ipunguzwe kwanza.

Inapunguzika. Mumeo hufungua duka saa mbili, na kutoka Kimara hadi Ubungo si safari; akae na watoto hadi saa moja na nusu asubuhi. Wewe nawe unanyonyesha, na sheria hiyo hiyo inakupa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Mwombe mwajiri wako kwa maandishi uutumie muda huo mwishoni mwa siku, utoke saa tisa na nusu alasiri, na saa kumi na moja na nusu jioni utakuwa umefika hata foleni ikiwa mbaya. Kwa dada inabaki kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, yaani saa 10. Kwa kawaida ungetoa saa moja ya mapumziko isiyolipwa, lakini mtu aliyeachiwa watoto wachanga wawili hana mapumziko ya kwenda popote, na sheria inasema muda wa mapumziko unalipwa ikiwa mfanyakazi anatakiwa kuwa tayari kwa kazi. Kwa hiyo ni saa 50 kwa siku tano, ongeza saa 5 za Jumamosi, jumla 55 kwa wiki: 45 za kawaida na 10 za ziada. Kwa wiki nne ni 40 za ziada, bado ziko chini ya 50.

Sasa shilingi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023 na ambayo ndiyo tunayoifuata mwaka huu wa 2024, imewagawa wafanyakazi wa nyumbani katika makundi manne: walioajiriwa na mabalozi na wafanyabiashara wakubwa ni 250,000, walioajiriwa na maofisa wenye stahili ya kuwa na mfanyakazi wa nyumbani ni 200,000, wengine wasioishi katika nyumba ya mwajiri ni 120,000, na wanaoishi humo ni 60,000. Mama wa Tabata yuko katika kundi la 120,000. Gawanya kwa saa 195, ambazo ndizo saa 45 za wiki zikizidishwa kwa wastani wa wiki 4.333 za mwezi, utapata kama shilingi 615 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani kama 923, na kwa mwezi utakuwa na saa za ziada 43 na kidogo, ambazo ni shilingi 40,000. Kwa viwango vya mwaka huu wa 2024, kiwango cha chini kabisa kwa kazi hii, kwa mtu anayekuja na kurudi, ni 160,000.

Nauli yake ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 ni 62,400. Sheria haikulazimishi kuilipa. Lakini ona kinachotokea ukimpa hiyo 200,000 "nauli ikiwa humo humo": zinabaki 137,600 mkononi mwake, chini ya 160,000. Mama mkwe wako, kwa heshima zote, analalamikia kiasi ambacho mwombaji mwenyewe amejipunja. Ushauri wangu ni kutenganisha: mshahara 160,000 au zaidi, na nauli 62,400 pembeni, ili nauli ikipanda mjadala uwe wa nauli peke yake.

Kuhusu binti wa Iringa, ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa 60,000, saa za ziada zinaongeza 20,000 na unapata 80,000 kamili. Sijui kama dalali alikokotoa au alibahatisha, ila kiasi chake ni halali kwa sharti moja: binti awakabidhi watoto saa kumi na moja na nusu jioni na asiwaguse tena hadi asubuhi. Umesema atalala nao. Mapacha wa miezi mitatu huamka usiku, na kila saa anayofanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, mbali ya kwamba saa hizo zitakuwa za ziada na zitakupeleka nje ya kikomo cha 50 kabla mwezi haujaisha. Sheria pia inataka apumzike saa 12 mfululizo kila siku. Anayeishi mahali pa kazi anaweza kupunguziwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Na msisahau kwamba aliyeajiriwa Iringa, ajira ikikoma, mwajiri ndiye anayegharimia kumrudisha Iringa.

Ongeza mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, asilimia 10 kutoka kwako, ambayo kwa 160,000 ni 16,000, na asilimia 10 nyingine kutoka kwake. Najua wengi wetu hatuandikishi madada; nasema tu kilivyo.

Jirani_wa_Goba

Kaka Karani, tukifuata hesabu hiyo nusu ya akina mama wa Goba wataacha kazi warudi nyumbani kulea wenyewe. Mimi namlipa wangu 90,000 na ana mwaka wa nne kwangu, hajalalamika.

Niliwahi_Kulea

Nimefanya kazi za ndani Sinza na Mbezi Beach kwa miaka mingi kabla ya kufungua genge langu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuchangia. Dada wa Goba, shikamoo. Kutolalamika kwa mtu anayelala chini ya paa lako si ushahidi wa kitu chochote, kwa kuwa siku atakayolalamika ndiyo siku ambayo hana pa kulala.

Kiasi kilichotajwa na Karani naona ni sawa, lakini kuna mambo yanayokifanya kiasi hicho hicho kiwe kikubwa au kidogo. La kwanza ni tarehe. Nimewahi kuahidiwa mshahara mzuri kuliko wa wenzangu wote wa mtaa ule, nikawa naupata vipande vipande, mara elfu ishirini, mara "nakuwekea, utazichukua ukienda nyumbani", na nilipoondoka hesabu ya bosi na hesabu yangu hazikukutana. Baadaye nikafanya kazi kwa mama mwingine aliyenilipa pungufu ya pale, lakini tarehe 28 ya kila mwezi fedha ilikuwa imeingia kwenye simu yangu mwenyewe, si kwa dalali wala kwa mjomba aliyenileta, na kwa mama huyo nilikaa hadi nilipopata mtaji. Ukimchukua binti wa Iringa, usikubali kabisa utaratibu wa kumtumia mshahara mzazi wake hadi yeye mwenyewe akuombe.

La pili ni kukatwa. Chupa ya chai ikianguka, bei yake isitoke kwenye mshahara bila makubaliano. Anayejua kwamba kila kitu kitakatwa hujifunza kuficha, na katika nyumba yenye watoto wachanga hutaki mtu anayeficha: leo ameficha chupa ya chai, kesho ataficha kwamba mtoto alianguka kitandani.

La tatu ni hilo la kufua na kupika, ambalo mama wa Goba amelijibu kwa haraka. Mapacha hawalali kwa pamoja kama watu wanavyodhani. Mmoja akilala, mwingine ndiyo kwanza anaanza. Nguo za watoto, vyombo vyao, uji au maziwa yao, na kufagia chumba chao, hayo ni ya mlezi. Nguo za baba, chakula cha familia cha jioni na kudeki nyumba nzima ni kazi nyingine, na ukizitaka zote kwa mtu mmoja, ujue atakayepungukiwa si sakafu, maana sakafu utaiona ukirudi. Mtafute mama wa kufua mara mbili kwa wiki na umlipe kwa siku.

Kuhusu mvua ni kweli. Mpe namba ya jirani wa karibu anayeweza kushika watoto nusu saa, na wewe uwe na siku chache za dharura ulizozizungumza mapema na bosi wako.

Baba_Tegeta

Naongeza upande mwingine kwa ufupi. Sisi tulifikiria kituo cha kulelea watoto mchana kabla ya kumchukua dada. Kwa mtoto mmoja huenda kingekuwa nafuu, lakini kwa wawili unalipa mara mbili, ilhali dada mmoja halipwi mara mbili kwa sababu watoto ni wawili, ingawa nakubali kwamba anastahili kuongezewa. Kituo tulichokiulizia hakikupokea watoto walio chini ya miezi sita, kilifungwa saa kumi na moja kamili, na mtoto akiwa na homa hapokelewi. Wakifika mwaka mmoja na nusu unaweza kuliangalia tena.

Jambo moja ambalo halijaguswa: kiasi unachoanza nacho kiwe kinachobakiza nafasi ya kupanda. Sisi tulikubaliana kwa maandishi kwamba baada ya miezi mitatu ya majaribio tutaongeza, na kwamba tutaongeza tena mtoto atakapoanza kutembea, kwa sababu hapo ndipo kazi inapokuwa nzito kweli. Wengi wetu hufanya kinyume: tunamlipa mlezi vizuri wakati mtoto amelala siku nzima, halafu mtoto akianza kupanda meza tunasema sasa amekua, kazi imepungua.

MamaPacha

Nawashukuru sana nyote. Nimekaa na mume wangu jana usiku tukaipitia hesabu ya Karani kwa kalamu, na hakuna mahali tulipoweza kuipinga. Amekubali kubaki na watoto asubuhi. Mwajiri wangu nitamwandikia barua kesho kuhusu muda wa kunyonyesha.

Tumeamua kumchukua mama wa Tabata. Tutampa 170,000 na nauli 62,400 pembeni, tutamlipa tarehe 28 kwenye simu yake, na baada ya miezi mitatu tutafika 180,000 ikiwa pande zote mbili zimeridhika. Kazi yake ni watoto, nguo zao na chakula chao. Mama wa kufua amepatikana hapa hapa mtaani. Sikumwambia mama mkwe kiasi, na dada wa Goba naomba usimwambie wako.

Nimebakiwa na swali moja kwa Karani. Mwishoni mwa mwaka nitakuwa na likizo yangu ya kawaida na nitakuwa nyumbani na watoto karibu mwezi mzima. Katika mwezi huo namlipa, namlipa nusu, au tunaelewana tu?

Karani_wa_Kazi

Unamlipa wote. Yeye hajaomba kukaa nyumbani, na yuko tayari kufanya kazi. Wewe ndiye hukumhitaji. Ila naye ana likizo ya siku 28 mfululizo, yenye malipo, kwa kila mwaka wa kazi. Ukipanga naye mapema, likizo yake iangukie katika likizo yako, na hutakuwa umelipa mara mbili. Liandike kwenye mkataba sasa, kwenye ukurasa ule ule wa saa, mshahara na tarehe ya malipo, msaini nakala mbili, na moja abaki nayo yeye. Nauli ya mwezi huo huilipi, kwa kuwa hasafiri.

MamaPacha

Hapo kwenye nauli ndipo mume wangu amecheka. Nitaandika usiku huu.